Mlima wa Kumi

4 Februari 1988

Kaka yangu,

Nakusalimu wewe, wifi na mama, na nyumba nzima mpaka ule mlango wa dukani kwako unaolia kila mteja akiusukuma. Mimi nipo. Kuumwa siumwi, ni uchovu tu, na uchovu si habari ya kuandikia barua. Kopo jipya la mama limefika, lile la Novemba lilikuwa limekwisha. Karatasi ya nje ilikuwa imelowa lakini mafuta yako salama. Mwambie nimelifungua pale pale posta nikapaka mikono mbele za watu, na karani akaniangalia kama nimechanganyikiwa. Anayecheka hajaona vidole vyangu. Chumba chetu cha kazi kinapulizwa hewa baridi na kavu mchana kutwa kwa ajili ya mashine, si kwa ajili yetu, na ngozi imepasuka hata kufunga kifungo cha shati imekuwa shughuli.

Umeniomba nikuandikie cha kuwajibu wateja wako wanaotaka kujua dada yako anasomea nini. Haya, waambie hivi. Tunachukua kijiti cha alumini, unene wa penseli, tunakifungia ndani ya chemba ya chuma iliyofyonzwa hewa yote. Tunakipiga kwa leza, mwanga mkali unaokuja kwa mipigo mifupi mifupi, na kila pigo linageuza nukta ya chuma kuwa mvuke. Atomi zinazotoka humo hazikai moja moja. Zinashikana makundi: mbili, tano, saba, ishirini. Baadhi ya makundi yanabeba chaji ya umeme, hayo ndiyo tunayaita ayoni, na hayo tunaweza kuyasukuma ndani ya bomba refu. Kundi jepesi linafika mwisho wa bomba mapema, zito linachelewa. Kuchelewa kwake kunatuambia uzito wake, na uzito unatuambia lina atomi ngapi. Basi mashine inachora milima kwenye karatasi. Kundi likiwa imara linakuwa jingi, na mlima wake unakuwa mrefu.

Mlima wa saba ni mrefu, hilo watu walishaliandika kabla yangu. Wangu mimi ni wa kumi. Hakuna aliyeutaja, na mimi nauona tangu Desemba, karibu kila ninapofunga kijiti kipya. Profesa wangu, yule tunayemwita Bwana Hakikisha kwa sababu hana neno lingine mdomoni, amesema nikiuthibitisha basi shahada ya udaktari ni yangu. Unaelewa maana yake, kaka? Ni kwamba nitafunga virago nirudi.

Nilimwahidi mama kwamba nitakuja Juni, hata kama ni kwa likizo tu. Ahadi iko pale pale.

Mimi mdogo wako.


27 Februari 1988

Mdogo wangu,

Barua yako imetufikia sote wazima, na kama kuna asiye mzima humu ndani ni paa, maana linavuja juu ya kiti cha pili cha kunyolea na wateja wote wanagombea cha kwanza. Wifi yako anakusalimu. Amepata kazi ya kushona sare za shule, kwa hiyo ukiingia sebuleni unatembea kwa kuruka, usije ukakanyaga kola ya mtoto wa watu.

Wateja nimewasomea maelezo yako. Yule mwalimu mstaafu anayekuja kunyolewa kila Jumamosi, na nywele zenyewe hana, amesikiliza mpaka mwisho halafu akasema, "Kama ni kuvunja alumini, si atumie nyundo?" Duka zima limeangua kicheko. Nikamwambia nyundo haina digrii. Lakini na mimi nakuuliza kwa nia njema: mlima wa kwenye karatasi, ukishaupata, unaupeleka wapi?

Mama hajambo, tena hajambo kwelikweli, kwa sababu leo amenifukuza jikoni. Anapika kopo lako jingine, la akiba, litakuja na barua hii. Nilitaka nimsaidie kukoroga, nikaambiwa mikono yangu ina nywele za watu. Unamjua. Anayeyusha nta kwenye kile kisufuria chake kwa moto mdogo, anatia mafuta, halafu anachekecha ule unga wake mweupe kupitia kitambaa, kidogo kidogo, na anakoroga mpaka mkono unakufa ganzi. Nilipomwambia apumzike alinijibu kwamba amefunga vidonda vya watu miaka yote kule zahanati bila kupumzika, hatashindwa na kisufuria. Basi nimekaa zangu mlangoni nimetulia.

Kuhusu Juni ameshaanza. Ameninunulisha shuka mpya za kitanda chako, na kile chumba nilichokuwa naweka viti vibovu vya duka nimeamriwa nikihame. Viti sasa viko uani, vinanyeshewa. Nakuambia mapema ujue nani atalaumiwa ukighairi.

Amechukua kalamu mwenyewe, namwachia nafasi hapa chini.

Kaka yako.

Mwanangu, mafuta hupakwa kabla ya kazi, si baada. Baada ngozi imeshapasuka. Mikono ikoje? Mama.


2 Aprili 1988

Kaka yangu,

Salamu nyingi, na pole kwa viti. Nilicheka peke yangu ngazini nilipofika kwenye nyundo haina digrii, na nilikuwa sijacheka siku nyingi.

Mwambie mama nimetii. Kila asubuhi nikifika napaka mafuta yake kwanza, nayasugua mpaka yanaingia, ndipo nachomoa glavu kwenye boksi lake na kuzivaa. Glavu ni lazima kwetu, kwa sababu jasho la kidole kimoja tu linatosha kuchafua kijiti. Nyufa zimeanza kufunga. Mwambie hivyo hivyo: mikono inapona.

Sasa jambo lenyewe. Kaka, mlima umekua. Wiki hizi mbili kila ninapofunga kijiti kipya unasimama juu, umeupita hata wa saba, halafu kadiri leza inavyopiga unashuka taratibu. Tumeandika kwamba ni kwa sababu ya uso wa chuma ukiwa bado mpya. Bwana Hakikisha aliiangalia karatasi, akavua miwani, akaifuta, akaiangalia tena. Hakusema hakikisha. Alisema, "Hongera." Wenzangu waligeuka kumtazama wakidhani anaumwa.

Anataka niusimamie mkutanoni Septemba, mbele ya watu wanaozijua mashine hizi kuliko mimi. Na kabla ya hapo kuna kioo. Usifikirie kioo cha kinyozi. Ni sehemu mpya ya mashine inayosukuma ayoni zirudi nyuma ndani ya bomba, ili tofauti ndogo kabisa za uzito zionekane. Mashine yetu ilivyo sasa ina macho mabovu, inaona mlima lakini haioni umbo lake. Kioo kinatarajiwa kati ya Juni na Agosti, na mtu wa kukifunga ni mimi.

Unaona ninakoelekea. Siwezi kuja Juni. Nimeiandika sentensi hiyo mara nyingi na kila mara naikata, sasa naiacha. Mwambie mama kwa upole, mwambie ukishakula naye, usimwambie akiwa amesimama. Ni kuchelewa tu. Nikimaliza narudi moja kwa moja, na hata mkinifukuza siondoki.

Usinikasirikie.

Mimi mdogo wako.


9 Mei 1988

Mdogo wangu,

Samahani kwa kukawia. Barua yako ilikaa posta, halafu ikakaa kwangu. Kulikuwa na mambo mengi hapa kati, mambo ya kawaida tu ya nyumba.

Wifi yako anakusalimu. Sare amezirudisha nusu, kazi ilimzidi. Duka nafunga mchana siku hizi, nafungua tena jioni, wateja wanalalamika lakini wanakuja. Paa bado linavuja.

Hongera ya mlima. Nimewaambia wateja kwamba umeupita wa saba, na mwalimu mstaafu amesema huo sasa ukoo wa milima.

Suala la Juni nimemwambia mama. Ameelewa. Anasema umalize kazi yako, usisumbuliwe na mtu. Hayo ndiyo maneno yake. Alipofika kwenye kuandika kalamu ilimchosha, basi nikamwambia aache, nitakusalimia mimi. Anakusalimu sana.

Nimekutumia kopo jingine pamoja na barua hii. Yatumie.

Huko hawana likizo fupi? Hata ya wiki? Nauliza tu.

Kaka yako.


20 Juni 1988

Kaka yangu,

Nakusalimu wewe na wifi, na mama mpe salamu zake peke yake. Kopo nimelipokea mwanzoni mwa mwezi. La safari hii lina harufu ya dukani kwako, yaani nikipaka najisikia kama nimetoka kunyolewa. Umelihifadhi na mafuta yako ya nywele nini? Yanateleza mno na mikono imeanza kupasuka upya. Mwambie mama asikasirike, nasema ukweli tu.

Mlima umetoweka.

Sijui niandike vipi zaidi ya hivyo. Mwanzoni mwa mwezi nilifunga kijiti kipya kama kawaida, nikapiga, wa saba ukasimama na wa kumi ukalala chini na wenzake. Nikafunga kingine. Vile vile. Nimebadilisha lenzi ya leza. Nimefungua chemba nikaisafisha kwa spiriti mpaka kichwa kikauma. Nimebadilisha mafuta ya pampu, nimeangalia waya mmoja mmoja. Nimeagiza alumini kutoka kwa muuzaji mwingine. Nasubiri hewa ifyonzwe, nakaa kwenye kile kigoda cha chuma nikisikiliza pampu, nawasha, napiga, nachora. Umelala.

Bwana Hakikisha amerudia neno lake. Analisema kwa sauti ya chini sasa, na hiyo ndiyo inayoniumiza. Wenzangu wananipisha kwenye korido kama nimefiwa.

Na wewe katikati ya haya unaniuliza habari ya likizo ya wiki. Kaka, nikija sasa nakuja mikono mitupu. Nitamwambia nini mama aliyenihamishia viti? Kwamba nilimkosesha Juni kwa ajili ya kitu ambacho hata mimi mwenyewe sikioni tena? Siji mpaka niupate. Nimechoka, lakini siji.

Halafu mbona mama hajaniandikia? Mstari mmoja tu, ule wa mikono. Kalamu haijawahi kumchosha mama. Kama amenuna kwa ajili ya Juni aseme, anigombeze kwa wino, nitavumilia.

Mimi mdogo wako.


18 Julai 1988

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nikaisoma nimekaa. Pole. Pole kwa mlima. Nakujua ulivyo, ukipoteza sindano unafagia nyumba ya jirani.

Mama hajanuna. Hilo nakuapia. Siku hizi macho yake yanachoka haraka na analala sana mchana, na kuandika kumekuwa kazi. Ni umri. Anakutaja. Usimfikirie vibaya.

Kopo nililiweka dukani kweli, karibu na mafuta ya wateja. Makosa yangu.

Sasa nisikilize kama kaka yako, si kama kinyozi anayepiga soga. Umesema huji mpaka uupate. Na usipoupata je? Mlima umekwenda, uache uende. Kazi yako siielewi na sijidai kuielewa, lakini najua mtu akisema "mpaka" na akilisema kwa hasira, hilo neno huwa halina mwisho. Njoo ule, ulale, urudi ukautafute. Shuka zako bado mpya, hakuna aliyezilalia.

Sikulazimishi. Niliambiwa nisikusumbue na ninajaribu kutokusumbua. Ila nimechoka, mdogo wangu. Duka, nyumba, kila kitu. Siandiki zaidi maana nitaandika nisichotaka.

Kaka yako.


30 Agosti 1988

Kaka yangu,

Leo salamu zangu ni fupi, utanisamehe. Soma polepole mpaka mwisho, kisha unijibu siku hiyo hiyo.

Kioo kilifika wiki ya kwanza ya mwezi. Nilikifunga na fundi wa karakana yetu, mzee mpole asiyependa maneno, na kilikubali. Siku tulipokiwasha mikono yangu ilikuwa mibaya kupita siku zote. Kopo la Mei lilikuwa limekwisha, na nilikuwa nimekaa siku kadhaa bila kupaka kitu. Nikakumbuka kwamba kwenye mfuko wa koti langu la baridi kuna lile kopo la mama la Februari, limebaki ukutani ukutani. Nikalikwangua kwa kidole, nikapaka, nikavaa glavu, nikafunga kijiti kipya.

Mlima wa kumi ukasimama.

Kaka, nilipiga kelele mpaka watu wakaja mbio. Tukafungulia kioo tuutazame kwa macho mazima. Ukapasuka mbele yetu, ukawa meno. Safu ya meno yamepangana, marefu na mafupi. Kila aliyekuwepo alijua maana yake, na mimi nilijua kuliko wote. Atomi za alumini zina uzito mmoja, zote, hazitofautiani. Kundi la alumini tupu linatoa mlima mmoja mwembamba, basi. Meno yanatoka kwenye chuma kingine, ambacho atomi zake zina uzito mbalimbali. Tukapima meno. Ni zinki.

Hesabu yenyewe inauma kwa urahisi wake. Zinki ikishikana na oksijeni, uzito wao unakaribia sana uzito wa atomi tatu za alumini. Kwa hiyo wa saba, yule yule wa saba imara anayejulikana na kila mtu, alikuwa amebeba zinki na oksijeni mgongoni. Na mashine yetu ya macho mabovu ikamwona ni wa kumi. Hapakuwa na wa kumi, kaka. Tangu Desemba hapakuwa na wa kumi.

Bwana Hakikisha akauliza zinki inatoka wapi. Tulidhani skrubu, kwa sababu baadhi ni za shaba ya manjano na shaba hiyo huwa na zinki ndani. Fundi akazing'oa zote bila kinyongo, akaweka za chuma. Meno yako pale pale. Nikakaa kwenye kigoda nimeinamia mikono yangu, inang'aa mafuta, na vidoleni mwa glavu kuna weupe. Kila asubuhi nilikuwa napaka, halafu nazivuta glavu kutoka kwenye boksi kwa vidole hivyo hivyo vya mafuta. Ndani safi, nje mafuta. Na kwa nje ndiko ninakoshikia kijiti.

Ule unga mweupe wa mama ni zinki. Nilikuwa natumwa kuununua duka la dawa nikiwa mdogo, nausema jina lake njiani nisilisahau. Nimesomea uzito wa atomi mpaka nimezeeka na sikuukumbuka unga wa mama yangu.

Nilienda kumwambia Bwana Hakikisha mwenyewe. Aliniuliza kama nyumbani wazima. Halafu akasema mkutanoni hatuendi, na kwamba tuandike tu kilichopo: wa saba, na jinsi uchafu unavyoweza kujifanya kundi. Ni shahada ndogo kuliko niliyoiota, lakini ni shahada. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi.

Hayo si sababu ya barua hii. Kabla ya kufunga hesabu nilitaka kuhakikisha, ndiyo, neno lile. Nikachukua mafuta ya kopo la Februari kwenye ncha ya waya, nikapaka kijiti, nikapiga: meno. Nikachukua yaliyoganda kwenye kifuniko cha kopo la Mei, nikapaka kijiti kingine, nikapiga. Hakuna jino hata moja. Nta ipo, mafuta yapo, zinki hamna kabisa. Ndiyo maana Juni mlima ulitoweka. Haukutoweka kwenye mashine yangu, ulitoweka jikoni kwetu.

Mama hawezi kuusahau unga ule. Angelisahau jina langu kwanza. Kopo la Mei hakulipika mama.

Februari alikuwa anakufukuza wewe jikoni, Mei kopo linanuka kinyozi, na tangu hapo sijauona mwandiko wake. Nilikuwa na haya yote mezani, nikawa natafuta waya mbovu.

Mama yuko wapi, kaka? Usiniambie macho, usiniambie umri. Niandikie nijue kama nakuja kumwona au nakuja kwenye kaburi. Ruhusa nimeshaomba na nimepewa. Nasubiri jibu lako tu, kwa sababu njia ni ndefu na sitaki niwe ndani yake bila kujua.

Kama yupo, habari ya mafuta usimwambie. Na akijua, mwambie hakuna alichoharibu. Alisema nipake kabla ya kazi na nilipaka. Kosa la glavu ni langu.

Mimi mdogo wako.


19 Septemba 1988

Mdogo wangu,

Yupo. Naanza na hilo, ushushe pumzi kisha uendelee.

Mama alianguka jikoni katikati ya Aprili, akiosha kile kisufuria. Barua yako ya kughairi Juni ilikuwa haijafika, kwa hiyo hilo usijibebeshe. Ni kiharusi. Upande wote wa kulia umelala, mkono na mguu, na maneno yamekwenda. Siku ile ile hospitali, ulimi ukiwa bado unajaribu, alisema jambo moja nikalielewa: "Mtoto asisumbuliwe." Alilirudia mpaka nikaitikia. Baada ya hapo hajasema sentensi nzima. Ndiyo sentensi niliyokuandikia Mei, nikaifanya ionekane salamu.

Sasa nikwambie na ambalo sikuambiwa nilifiche ila nililificha mwenyewe. Nilichoka. Nafunga duka mchana nije nimgeuze kitandani, mimi na wifi yako tunamwogesha, na kumwogesha mama yako mzazi ni jambo ambalo hakuna anayekufundisha. Anageuza uso ukutani ili nisimwone anavyoona haya. Halafu nakaa nakusoma wewe unalilia mlima. Kuna siku nilikuchukia, mdogo wangu. Nilitaka nikuandikie yote kwa wino mwekundu. Nikawa nakuuliza habari ya likizo.

Kopo la Mei nilipika mimi. Alikuwa analitazama kopo tupu rafuni kila nikiingia, nikajua anataka likufikie. Nikayeyusha nta, nikatia mafuta, nikaongeza ya nywele kidogo yawe laini. Ule unga niliuona. Nilidhani ni wa kuyafanya meupe tu, nikasema nani atajali weupe. Kumbe huko kwenu kuna mashine inayojali. Niliweza kuwadanganya majirani, na mwalimu mstaafu, na wewe miezi yote hiyo, nikaja kushikwa na mafuta ya kupaka.

Ulinikataza nisimwambie habari hii. Nimemsomea barua yako yote. Nilimwegemeza kwenye mito, kwenye kitanda chako, chumba cha viti, maana ndicho chenye dirisha la uani, na shuka zako analalia yeye, Julai nilikudanganya. Nilimsomea mpaka meno, mpaka glavu. Nilipofika kwenye hapakuwa na wa kumi alinikazia jicho nikadhani atalia. Nilipofika kwenye unga alicheka. Ni upande mmoja wa uso tu, na sauti inatoka imekwama, lakini ni kicheko, wifi yako alikisikia kutoka sebuleni akaangusha mkasi. Hajacheka tangu Aprili.

Daktari anasema anaweza kukaa hivi muda mrefu, au anaweza kupata kingine kesho. Kwa hiyo usisubiri shahada, usisubiri kuandika kilichopo. Utakiandika hapa, meza ya wifi yako itapisha. Unakuja kumwona.

Kalamu ameitaka mwenyewe, kwa kidole. Nimemshikia karatasi tu. Ni mkono wa kushoto na umemchukua muda, nami sikumsaidia.

Kaka yako.

Mikono?